Madini tembo na afya ya samaki wa maji baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kanda ya Ziwa neno "mwalo" lina maana mbili. Kuna mwalo wa samaki, mitumbwi inakotia nanga alfajiri, na kuna mwalo wa dhahabu, pale mchanga uliosagwa kwenye karasha unapooshwa ili dhahabu ibaki na tope liende zake. Maswali mengi yaliyo hapa chini yametokea katikati ya mialo hiyo miwili, kwa sababu maji yanayoachwa na mmoja huishia kwa mwingine. Wameyauliza wavuvi, kina mama wachuuzi, wafugaji wa vizimba na mabwawa, na wanafunzi wanaokuja na samaki kwenye ndoo wakitaka jibu kabla barafu haijayeyuka.

Madini tembo ni yapi?

Ni zebaki, risasi, kadimiamu, aseniki, kromiamu, nikeli, shaba, zinki na jamaa zao. Vitabuni utakuta "metali nzito". Aseniki kikemia si metali kamili, ila tabia zake majini zinafanana na za wenzake, kwa hiyo huwekwa kundi moja.

Yagawe mafungu mawili. Shaba na zinki samaki anazihitaji, kidogo sana, kama sisi tunavyohitaji chuma kwenye damu. Zikizidi ndipo zinakuwa sumu. Zebaki, risasi na kadimiamu hazina kazi yoyote mwilini mwa samaki. Na yote kwa pamoja yana sifa moja inayoyatenga na sayanaidi au dawa za kuulia wadudu: hayaozi. Sayanaidi inaua haraka, kisha jua na hewa huivunjavunja. Zebaki iliyomwagika kijitoni mwaka 1995 ingali zebaki leo. Inaweza kuwa imehama, imezama au imebadili umbo, lakini haijaisha.

Inamwingiaje samaki?

Kwa njia mbili: matamvua na chakula. Njia ya matamvua ndiyo isiyoeleweka vizuri, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka. Kila saa ya maisha yake maji yanamwingia na chumvi inamtoka. Hanywi maji, anakojoa mkojo mwingi mwepesi, na kwenye matamvua ana chembehai zenye pampu zinazovuta sodiamu na kalsiamu kutoka majini na kuzirudisha mwilini. Pampu hizo zikisimama, samaki hafi kwa kukosa hewa. Anakufa kwa kuishiwa chumvi.

Sasa shaba inafanana na sodiamu kiasi cha kuingia kwenye mlango wake na kuuziba. Kadimiamu, zinki na risasi hupitia mlango wa kalsiamu. Kwa hiyo madhara ya kwanza hayaonekani kwa macho: damu inapungua chumvi, moyo unalemewa. Kipimo kikiwa kikubwa zaidi, matamvua yanajibu kwa kutoa ute mwingi na ngozi yake kuvimba, na hapo ndipo hewa nayo inapoanza kushindwa kupita.

Mama mmoja mwaloni alinifundisha kukagua sato kwa kidole gumba kabla sijafundishwa na kitabu chochote. Anainua kifuniko cha shavu, anapitisha gumba juu ya nyuzi nyekundu, anausugua kwenye kidole cha shahada. Ute mwepesi, anaweka kwenye beseni. Ute mzito wa kijivu unaovutika kama bamia, anarudisha kwa mvuvi bila maneno. Yeye anatafuta samaki aliyelala, yaani aliyevuliwa jana. Mimi naangalia kitu hichohicho nikitafuta maji mabaya.

Maji haya tunakunywa wenyewe na hatuumwi. Mbona vifaranga wanakufa?

Kwa sababu maji safi ya mtu si lazima yawe maji safi ya samaki. Shirika la Afya Duniani linaruhusu shaba mpaka miligramu 2 kwa lita katika maji ya kunywa. Kwenye maji laini, yaani yenye kalsiamu kidogo, samaki wachanga wa aina nyingi wanakufa kwa shaba isiyofika hata sehemu ya kumi ya hiyo. Wewe unakunywa maji, tumbo linachuja, ini linahifadhi. Samaki anapitisha maji hayo juu ya matamvua yake wazi, mchana na usiku.

Kesi ninayoikuta mara nyingi wala haihusu mgodi. Mfugaji ameezeka banda kwa mabati mapya, amevuna maji ya mvua za kwanza kwenye tangi, amemimina vifaranga. Kesho yake wanaelea. Mabati yamepakwa zinki, na maji ya mvua hayana kalsiamu ya kumkinga samaki. Acha mvua kadhaa zioshe paa kwanza, changanya na maji ya kisima au ya ziwa, na usifugie vifaranga kwenye tangi la bati lisilo na turubai ndani.

Kalsiamu inatajwatajwa hapa kwa sababu inasongamana kwenye mlango uleule ambao kadimiamu na zinki zinautafuta. Maji magumu humkinga samaki, na tope la mboji pia hushika metali isimfikie. Ziwa Victoria lina chumvichumvi chache sana ukililinganisha na Ziwa Tanganyika. Kiasi kilekile cha metali hakina uzito uleule katika maziwa hayo mawili.

Lakini samaki wa kwetu wanaonekana wazima kabisa.

Hili ndilo jambo ningependa lieleweke kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Tunahesabu samaki waliokufa, ilhali metali kwa kawaida haiui. Inamfanya samaki awe samaki pungufu.

Anza na pua. Samaki wananusa kwa chembe za neva zilizo wazi majini moja kwa moja, hazina ngozi ya kuzifunika. Huko Marekani wataalamu waliwachunguza salmoni wachanga waliokaa kwenye maji yenye shaba kidogo mno, mikrogramu chache tu kwa lita, iliyotoka kwa sehemu kubwa kwenye vumbi la breki za magari. Kwa kawaida mwenzao akijeruhiwa, ngozi yake hutoa harufu na wengine wote hutulia chini wasionekane. Hawa waliendelea kuogelea kama hakuna kilichotokea, wakaliwa. Ukiwapima ungesema wana afya. Sasa mfikirie kambare wetu, anayetafuta chakula usiku kwenye maji ya tope kwa pua na sharubu.

Njoo kwenye uzazi. Zebaki ya kikaboni, yaani methili-zebaki nitakayoieleza mbele, inavuruga homoni. Mayai yanakuwa machache, korodani zinadumaa, samaki hawatagi kwa wakati. Yai lenyewe hunyonya metali kwenye ganda lake, na siku za kwanza baada ya kuanguliwa ndizo dhaifu kuliko zote. Sato jike anabeba mayai mdomoni, anayageuzageuza, na maji yote anayovuta kupumua yanapita juu yake. Ni ulinzi mzuri dhidi ya samaki wanaokula mayai. Dhidi ya maji machafu hausaidii kitu.

Kisha mifupa na damu. Risasi inajificha kwenye mifupa na magamba kwa sababu mwili unaidhania kalsiamu, na inazuia utengenezaji wa damu. Kwa trauti, samaki wa vijito baridi vya milimani kama vile vya Mlima Kenya, dalili ya kitaalamu ya risasi ni mkia kuwa mweusi, halafu uti wa mgongo kupinda. Kadimiamu inaharibu figo na kunyang'anya mifupa kalsiamu. Samaki anakua polepole.

Na kuna gharama ya kujilinda. Ini la samaki hutengeneza protini iitwayo metalothionini inayozikamata kadimiamu, shaba na zebaki na kuzifungia. Kinga hiyo inafanya kazi, ila inalipiwa kwa chakula. Nguvu iliyokwenda huko haikwenda kwenye mayai, wala kwenye kupambana na vimelea na bakteria. Ndiyo maana samaki wa mto mchafu huandikwa kuwa amekufa kwa vidonda au fangasi.

Mvuvi anaona nini katika yote hayo? Anaona nyavu zinarudi nyepesi mwaka hadi mwaka, analaumu makokoro. Mara nyingi yuko sahihi, makokoro ni balaa. Ila mdomoni mwa kijito kinachotoka machimboni kuna sababu ya pili.

Samaki wameelea mto mzima kwa usiku mmoja. Ni zebaki?

Ni nadra sana. Zebaki haiui hivyo. Mshukiwa wa kwanza ni oksijeni.

Machi 2022 samaki walielea kwenye Mto Mara upande wa Tanzania na watu wengi wakaunyooshea kidole uchimbaji. Kamati ya serikali ikarudi na jibu kwamba kinyesi na mikojo ya ng'ombe pamoja na mimea iliyooza vilikula oksijeni. Jibu lile lilichekwa sana mitandaoni. Namwelewa aliyecheka, maana mito ya Mara ina historia ndefu ya ugomvi na machimbo. Lakini utaratibu wenyewe hauna kichekesho. Upande wa Kenya wa mto huohuo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kinyesi cha viboko kilichojaa kwenye mabwawa yao kikisukumwa na mafuriko, oksijeni ikiporomoka na samaki wakifa chini ya mto.

Tofauti unaweza kuzisoma mwenyewe ukifika mapema. Oksijeni ikiisha, vifo vinaanza alfajiri, samaki wakubwa wanatangulia, wanaobaki wanahema juu ya maji midomo wazi, na kambare na kamongo wanapona kwa sababu wanavuta hewa ya juu. Maji makali ya mgodini yakimwagika, saa haijalishi. Wadogo wanatangulia, wadudu wa majini na vyura nao wanakufa, matamvua yana ute, na vifo vina mwanzo unaoonekana: juu ya kijito fulani hakuna kitu, chini yake wamejaa. Maji yanaweza kuwa na rangi ya kutu au ya kijani-buluu. Yanaweza pia kuwa maangavu kupita kawaida, kwa sababu asidi huzamisha tope. Maji ya mto wa kwetu yakigeuka maangavu ghafla katikati ya masika, mimi huwa na wasiwasi zaidi kuliko yakiwa tope.

Mfano wa aina hii ya pili ni Zambia. Februari 2025 bwawa la makapi ya mgodi wa shaba lilipasuka Chambishi karibu na Kitwe, na mamilioni ya lita za maji yenye asidi na metali yakaingia mpaka Mto Kafue. Samaki walikufa papo hapo na Kitwe ikazimiwa maji ya bomba.

Zebaki ya mchimbaji inafikaje kwa sangara?

Safari yake ni ndefu, na kila hatua ina mtu.

Mchimbaji anachanganya zebaki na mchanga uliooshwa. Dhahabu inakamatwa, kinapatikana kidonge laini cha rangi ya fedha. Kidonge kinawekwa juu ya moto wa mkaa kwenye bati au koleo. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki imefifia rangi kama punje ya mahindi iliyochomwa. Kwa kawaida gramu moja ya dhahabu inapoteza gramu moja hadi mbili za zebaki. Sehemu iliyopaa inaanguka na mvua, karibu au mbali. Sehemu nyingine inabaki kwenye tope.

Tope hilo halitupwi. Ni marudio, na marudio yana bei, kwa sababu bado yana dhahabu ambayo zebaki haikuiona. Mwenye plenti, yaani kiwanda kidogo cha kuchenjulia, anayanunua na kuyatia sayanaidi. Hapo pana kosa ambalo halizungumzwi vya kutosha: sayanaidi haiyeyushi dhahabu peke yake, inayeyusha na zebaki iliyobaki, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji kwa wepesi kuliko ile iliyokaa kama shanga. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, umeutaja utaratibu huu miongoni mwa minne mibaya kabisa ya kukomeshwa, pamoja na kuchoma kidonge hewani na kuchoma kwenye makazi ya watu. Kidunia uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza kwa zebaki ambayo binadamu anaiingiza hewani, karibu asilimia 38 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018.

Mpaka hapo bado ni zebaki ya kawaida, na samaki hainyonyi sana. Mabadiliko yanafanyika kwenye tope la mafunjo na matete, mahali pasipo na oksijeni. Bakteria wa huko wanaigeuza kuwa methili-zebaki, na umbo hili linapita ukuta wa utumbo kirahisi na kushikamana na protini ya nyama. Vijidudu vinaibeba, dagaa na furu wanakula vijidudu, sangara anakula dagaa na furu. Kila ngazi inajumlisha hesabu ya ngazi ya chini, na kwa kuwa samaki anachukua muda mrefu sana kuitoa, umri nao unaongeza.

Basi samaki wa Ziwa Victoria wana sumu?

Hapana, na ninaposema hivyo wapo wanaokasirika.

Tangu miaka ya 1990 watafiti wamepima zebaki kwenye samaki wa ziwa hili, wakiwemo waliofika hasa kwa ajili ya machimbo ya Geita. Samaki wengi wa ziwa wazi walikuwa chini sana ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumiwa na nchi nyingi. Sangara wakubwa ndio waliotangulia, kama hesabu ya ngazi inavyotaka. Shida iko kwenye vijito, mabwawa ya machimbo na ghuba ndogo zinazopokea maji hayo. Samaki wa kijitoni na samaki wa ziwa kuu wanauzwa kwenye beseni moja, na beseni halina lebo.

Kuna jambo lilijitokeza nchini Kenya na Tanzania watafiti walipopima nywele za watu. Baadhi ya waliokuwa na zebaki nyingi hawakuipata kwa samaki wala machimboni, bali kwa sabuni za kung'arisha ngozi. Dada anayemkwepa sato kwa hofu ya zebaki huku akioga na sabuni ya namna hiyo ameyapanga mambo kinyume.

Kinachonikera ni kwamba kujua kunategemea samaki anakwenda wapi. Ulaya ilipofunga mlango kwa sangara mara kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu za bakteria na dawa za sumu, viwanda vya minofu vilijifunza maabara haraka. Leo mnofu unaosafirishwa unapimwa risasi, kadimiamu na zebaki. Kichwa na mifupa iliyobaki, mapanki yanayoliwa mitaani Mwanza, yanakaguliwa kwa kidole gumba.

Nimle samaki yupi?

Inategemea unaogopa metali gani. Zebaki iko kwenye nyama na inapanda na ukubwa wa samaki mla samaki, kwa hiyo dagaa na sato wa wastani wana nafuu kubwa kuliko sangara jitu. Risasi na kadimiamu hazipandi ngazi hivyo. Zinakaa kwenye ini, figo, matamvua na mifupa. Kwa metali hizo dagaa, ambaye unamla mzima na utumbo wake, ndiye wa kumuuliza alikovuliwa, na sangara aliyetolewa matumbo anakuwa na nafuu.

Chukua hesabu hii. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) ilipendekeza mwaka 2003 methili-zebaki isizidi mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, ikimlenga mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96. Samaki mwenye miligramu 0.1 kwa kilo, anaweza kula karibu kilo nzima kwa wiki. Samaki mwenye 0.5, nafasi inaisha kabla ya gramu 200, yaani kipande kimoja kinene. Hiyo si sababu ya kumnyima mjamzito samaki. Mafuta ya samaki yanajenga ubongo wa mtoto. Ni sababu ya kumpa wadogo.

Nikimloweka ndimu, nikamkaanga sana, au nikambanika?

Hakuna kinachotoka. Zebaki imeshikamana na protini, haimo kwenye mafuta wala kwenye shombo. Kubanika kunapunguza maji, hivyo kilo ya samaki mkavu ina metali nyingi kuliko kilo ya mbichi. Ndimu ni ya ladha.

Kambare na kamongo wanaishi hata penye maji mabaya. Si ndio wenye nguvu?

Nguvu yao ndiyo mtego. Kwa kuwa wanavuta hewa ya juu, wanaweza kuishi kwenye shimo lililoachwa na wachimbaji ambapo sato hamalizi siku. Wanalala kwenye tope, wanakula vya kwenye tope, na kamongo anaishi miaka mingi. Sangara akifa penye maji yale anakuwa amekuonya. Kambare anakua, ananona, anafika sokoni. Nimewahi kuona vijana wakitega ndoano kwenye bwawa la marudio lililojaa mvua, wakitoa kambare wa kilo mbili mbili, ngozi inang'aa. Huyo simli.

Bwawani kwangu samaki wana vibiongo. Nimetiliwa sumu?

Pengine, lakini anza na mfuko wa chakula. Chakula kilichokaa miezi juani hupoteza vitamini C, na samaki asiyeipata hupinda mgongo vilevile. Sababu nyingine ni kuzalisha ndugu kwa ndugu, hasa kama unatumia wazazi walewale tangu ulipoanza. Kama vibiongo vimetokea kwenye kundi moja tu ni chakula au ukoo. Vikitokea kwenye mabwawa yote yanayotumia mfereji mmoja, hapo ndipo uulize maji yanatoka wapi.

Ninatumia mrututu kuua mwani. Una madhara?

Mrututu ni salfeti ya shaba. Kanuni ya wafugaji inasema pima alkali ya maji kwa miligramu kwa lita, gawanya kwa 100, jibu ndilo miligramu za mrututu kwa lita. Maji yenye alkali 100 yanapokea miligramu moja. Alkali ikiwa chini ya 50, usiuguse kabisa. Maji hayo hayana cha kumkinga samaki. Weka chokaa ya kilimo kwanza, subiri, pima tena. Halafu kumbuka mwani ukifa wote siku moja unaoza wote siku moja, na oksijeni inaondoka nao. Nimeona waliopatia kipimo cha mrututu wakapoteza bwawa kwa njia hiyo. Bado ile shaba imezama kwenye tope lako, na mwakani utaongeza nyingine juu yake.

Mgodi umefungwa zamani. Mto umepona?

Kilembe, magharibi ya Uganda, ilichimbwa shaba tangu miaka ya 1950 na uchimbaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makapi yake yangali hapo, na Mto Nyamwamba ukifurika unayamega. Shaba na kobalti zinateremka kuelekea Ziwa George. Katanga nako, kusini mwa Kongo, Ziwa Tshangalele karibu na Likasi lilipokea maji ya viwanda vya shaba kwa miongo kadhaa, na samaki wake wamepimwa wakiwa na kobalti na shaba nyingi kupita kawaida.

Mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha metali nyingine, bila kumngoja mchimbaji arudi. Ziwa Victoria linapoteza maji yake mengi kwa mvuke, machache ndiyo yanayotoka kupitia Mto Nile. Mvuke haubebi metali kama shaba na kobalti, kwa hiyo zikiingia zinabaki.

Habari njema ipo, ndogo. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006, na chanzo kile kilizimika kwa uamuzi mmoja tu.

Nichukueje sampuli?

Amua kwanza swali lako. Ukitaka kujua kama samaki analika, peleka mnofu wa mgongoni bila ngozi. Ukitaka kujua kama samaki anaumwa, peleka ini, figo na matamvua, kila kimoja kwenye mfuko wake. Watu wengi wanapeleka mnofu, wanapata jibu "chini ya kiwango", wanaondoka wakidhani mto ni mzima. Mnofu unaweza kuwa safi kwa kadimiamu na ini limejaa.

Chukua samaki watano au zaidi wa aina moja na ukubwa unaokaribiana, pima urefu na uzito, andika mahali na tarehe kwa penseli, weka kwenye barafu. Chukua na tope la chini. Maji ya leo yanasema ya leo, tope linasema ya miaka. Sampuli ya maji iwekwe kwenye chupa ya plastiki iliyotayarishwa na maabara, si chupa ya soda. Kwa Mwanza kuna Maabara ya Taifa ya Uvuvi Nyegezi na ofisi za TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania. Taasisi za namna hiyo kwa Kenya ni KMFRI, kwa Uganda NaFIRRI iliyoko Jinja. Kama samaki wameelea, mwite bwana samaki (afisa uvuvi) na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, siku hiyohiyo. Samaki aliyeoza siku mbili hasemi kitu.

Magugu maji yanasafisha metali kweli?

Mizizi yake inanyonya metali vizuri sana, hilo ni kweli. Lakini yakifa papo hapo yanazama na kuirudisha, na chini ya zulia lao nene oksijeni inaisha, mazingira yaleyale wanayoyapenda bakteria wa methili-zebaki. Faida inapatikana yakivunwa na kutolewa majini. Nilichokiona mialoni ni kwamba yanavutwa, yanarundikwa mita tatu kutoka ukingoni, na mvua ya kwanza inayarudisha. Yakusanyeni mbali na maji, na yaliyotoka mdomo wa kijito cha machimbo yasigeuzwe mbolea ya mchicha.